Moshi wa mbabula na mamilioni ya utafiti: kituo cha uratibu kinakula feza ya nini?

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na Uvira, kazi ya jikoni inaanza na mbabula. Makala inawashwa inje, ao ndani kama mvua inanyesha, na mama anabaki karibu na moto masaa mengi kila siku, mara nyingi na mutoto mgongoni. Congo ni moja ya inchi ambamo zaidi ya watu tisa kwa kumi wanapika na kuni ao makala. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linahesabu kwamba moshi wa jikoni uliua karibu watu milioni 3,2 duniani katika mwaka wa 2020 peke yake.

Ndiyo maana, kila mara watafiti wakitangaza kwamba wamepata mamilioni ya dola juu ya kuchunguza moshi na afya, swali la wakaaji ni lile lile: hiyo feza inaenda wapi, wakati mama wa mbabula hajaona hata chupa moja ya gazi? Sehemu kubwa ya jibu iko katika kitu ambacho hakielezwi sana, yaani kituo cha uratibu. Watu wa ONG wanaita tu kordinasio. Jina hilo limechafuka kidogo huku kwetu, juu wengi wakisikia kordinasio wanaona jeep na viyoyozi. Lakini katika utafiti wa mazingira na afya, bila hiyo ofisi hakuna matokeo ya kuamini.

Mufano mzuri uko ngambo ya mupaka, Rwanda.

Mwaka wa 2016, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zinazojulikana kwa kifupi NIH, pamoja na Shirika la Bill na Melinda Gates, zilikubali kulipa dola milioni 30,5 kwa utafiti unaoitwa HAPIN. Swali lake lilikuwa rahisi kusema: mama mwenye mimba akiacha kuni na kupika na gazi, mutoto wake atazaliwa na uzito mzuri zaidi? Lilichunguzwa katika inchi ine: Guatemala, India, Peru na Rwanda. Kila inchi ilitafuta wamama karibu 800, wote pamoja 3.200. Kwa upande wa Rwanda ilikuwa wilaya ya Kayonza, mashariki ya inchi ile. Nusu ya wamama walipewa jiko la gazi, na gazi yenyewe ikaletwa nyumbani bila malipo kwa miezi 18. Nusu ingine waliendelea kupika namna walivyozoea. Feza ilipitia chuo kikuu cha Emory, muji wa Atlanta, kilichoongoza kazi pamoja na vyuo vingine vya Marekani na watafiti wa zile inchi ine. Timu ya kuchunga data ilikuwa Emory.

Sasa, kazi yenyewe ya uratibu ni ipi? Tuangalie kitu kidogo kama kichujio.

Ili kujua moshi gani unaingia katika mapafu, haitoshi kuuliza mama “unapika na nini”. Anavaa kifaa kidogo juu ya nguo, karibu na kifua, siku nzima na usiku wote. Kifaa kinavuta hewa polepole, na ndani yake kuna kichujio cha duara kinachokamata vumbi ya moshi, ile ndogo sana ambayo jicho haliioni na ambayo inashuka mupaka chini kabisa katika mapafu. Kichujio kinapimwa uzito kabla ya kuvaliwa na kisha kuvaliwa. Tofauti ya uzito ndiyo vumbi. Lakini ni tofauti ya mikrogramu, yaani sehemu za milioni za gramu moja. Jasho la kidole linaweza kuiharibu. Unyevu wa chumba cha kupimia unaweza kuibadilisha. Kama Kayonza wanapima namna yao na Peru namna yao, mwisho hakuna mutu atakayejua kama wamama wa Peru wanavuta moshi mwingi zaidi ao kama mizani yao ni mbaya. Kwa hiyo mutu mumoja lazima aandike kanuni moja kwa wote, afundishe timu zote, atume vichujio visivyovaliwa na mutu ili kuona kama njia yenyewe haikuvichafua, na akatae matokeo yenye mashaka. Huyo mutu anafanya kazi katika kordinasio, na mushahara wake unatoka katika zile milioni 30,5.

Uzito wa mutoto vilevile. Mutoto anapozaliwa, siku za kwanza anapunguka uzito kidogo. Kila muzalishaji anajua. Ukipima mumoja saa mbili kisha kuzaliwa na mwingine siku ya tatu, umelinganisha vitu viwili tofauti. Katika HAPIN kanuni ilikuwa kupima ndani ya masaa 24. Kwa kijiji kilicho mbali na kituo cha afya, hiyo kanuni ni piki-piki, simu, na mutu anayekubali kuamka saa nane ya usiku.

Kisha kuna kugawanya wamama katika makundi mawili. Hapo ndipo udanganyifu wa nia njema unapoingia. Mutumishi wa kijiji akiachiwa kuchagua nani apewe gazi, atampa mama aliye zaifu zaidi, ao shangazi yake. Wote wawili wataharibu utafiti. Kwa hiyo orodha ya bahati ilitengenezwa mapema na kompyuta ya timu ya data, na hakuna mutu wa kijijini aliyeweza kuibadilisha. Pamoja na hiyo kuna maswali yanayotafsiriwa katika luga nyingi (“unapikia ndani?” maana yake nini kwa mutu ambaye jiko lake liko katika kibanda nyuma ya nyumba?), ruhusa za tume za maadili katika kila inchi, na kamati ya watu wasiokuwa wa utafiti ambayo ina haki ya kusimamisha kazi yote kama wamama wanaumia. Halafu mwaka wa 2020 Covid ikaingia, na ratiba ya vipimo ikavurugika katika inchi zote ine pamoja.

Matokeo ya kwanza yalitoka katika gazeti la waganga New England Journal of Medicine mwaka wa 2022. Gazi ilipunguza moshi kabisa: kwa wamama waliopika na kuni, kipimo cha katikati kilikuwa mikrogramu 70,7 za vumbi kwa kila meta kibe ya hewa, na kwa wamama wa gazi kilikuwa 23,9. OMS inashauri isipite 15 kwa siku. Lakini uzito wa watoto haukutofautiana kwa kweli: gramu 2.921 kwa kundi la gazi, 2.898 kwa kundi la kuni. Ni tofauti ya vijiko vichache vya sukari, na bahati peke yake inaweza kuileta. Mwaka wa 2024 matokeo mengine yakafuata: gazi haikupunguza wazi nimonia kali ya watoto wachanga, wala kudumaa.

Kuna waliosema feza ilipotea. Hiyo ni kusoma vibaya. Kama inchi ine zingefanya tafiti ine ndogo, kila moja na mizani yake, moja ingeweza kwa bahati kuonyesha kwamba gazi inaongeza uzito wa watoto, na wachuuzi wa gazi wangeitembeza kila fasi, mupaka ofisi za mawaziri. Serkali zingelipa gazi kwa ahadi ambayo haikuhakikishwa. Kwa kuwa kipimo kilikuwa kimoja, jibu lisilopendeza halikuweza kutupiliwa mbali kama kosa la Kayonza ao la Peru. Halimaanishi kwamba moshi hauna ubaya, wala kwamba gazi haina faida. Theluthi mbili ya moshi iliondoka, na kwa Kivu ya Kaskazini, ambako makala mengi yanakatwa ndani ya Hifadhi ya Virunga, kuacha makala kuna faida ingine ya wazi. Linamaanisha kwamba kubadilisha jiko katikati ya mimba, peke yake, hakukutosha juu ya uzito wa mutoto. Pengine kungehitajika kuanza mbele ya mimba. Pengine ni moshi wa jirani, takataka zinazochomwa, chakula. Hayo ni maswali ya utafiti mwingine.

Shida iko kwingine: nani anashika hiyo kordinasio. NIH inapolipa utafiti, inalipa kazi yenyewe, halafu inaongeza feza ya kuendesha nyumba: umeme, kodi, komptable, watu wa sheria. Chuo kikuu cha Marekani kinajadiliana na serkali yake juu ya asilimia hiyo, na mara nyingi inapita 50 kwa mia ya gharama za kazi. Taasisi ya inje ya Marekani, hata ikiwa na komptable mwenye kazi ile ile, inapewa mupaka 8 kwa mia tu. Mupango ukiisha, chuo kikubwa kinabaki na ofisi yenye nguvu, tayari kuomba feza ingine. Ofisi ndogo ya huku inarudisha piki-piki.

Tena, tarehe 1 mwezi wa tano 2025, NIH ilitangaza kwamba haitatoa tena mikataba mipya ya namna ile ya zamani, ambapo chuo cha Marekani kinapokea feza na kuigawia taasisi za inchi zingine chini yake. Sababu waliyotoa ni kwamba ilikuwa nguvu kufuata kila dola. Walisema watatengeneza njia ingine, ambapo taasisi ya inje inapewa mukataba wake wenyewe, uliounganishwa na ule mukubwa. Kwa karatasi, hiyo inaweza kuwa heshima kwa Waafrika. Kwa kweli, inataka taasisi iwe na komptable, ukaguzi wa mahesabu na akaunti ya banki inayokubalika Washington. Taasisi ambayo haikupewa nafasi ya kujenga hiyo ofisi, sasa inaombwa kuionyesha.

Njia ya moja kwa moja ilisha jaribiwa. Tangu 2015, NIH hiyo hiyo imelipa vituo vinavyoitwa GEOHealth, na mupango ni wa mikataba miwili inayokwenda pamoja: mumoja kwa chuo cha Marekani, mumoja kwa chuo cha inchi yenyewe. Kituo cha Afrika ya Mashariki kiliwekwa chuo kikuu cha Addis Ababa, Ethiopia, na kinaunganisha Ethiopia, Kenya, Rwanda na Uganda katika kazi ya kupima hewa chafu na kufundisha watafiti vijana. Congo haimo katika zile ine, ingawa inapakana na mbili kati yao na moshi hausimami kwenye barriere.

Siyo kwamba Congo haina watafiti. Chuo kikuu cha Lubumbashi, pamoja na kile cha Leuven, Ubelgiji, kimefanya kazi ambayo dunia nzima inasoma: kobalti katika damu na mukojo wa wakaaji wa Kasulo, Kolwezi, iliyotolewa mwaka wa 2018, na mwaka wa 2020, uchunguzi juu ya watoto wanaozaliwa na ulemavu Lubumbashi, ulioonyesha kwamba hatari iliongezeka pale baba anapofanya kazi ya migodi. Hizo ni kazi za muji mumoja mumoja. Ili kulinganisha Kolwezi na migodi ya zahabu ya Kivu ya Kusini na Ituri, ambako zebaki inachomwa karibu na nyumba, inahitajika kanuni moja, labo zinazokubaliana, na mutu wa kuchunga data kwa miaka kumi. Mutu huyo ndiye ambaye wafazili hawapendi kulipa, juu hakuna picha ya kupiga anapofanya kazi.

Goma wanajua bei ya kumukosa. Feza ya Banki ya Dunia kwa kituo cha kuchunguza volkano, OVG, iliisha mwaka wa 2020. Vipimo vilikuwa bado juu ya mlima, lakini kwa miezi kadhaa hakukuwa feza ya intaneti ya kupokea habari zake. Intaneti ilirudi karibu mwezi mumoja mbele ya Nyiragongo kulipuka, tarehe 22 mwezi wa tano 2021.

Leo, kuanzisha kituo cha namna hiyo mashariki kuna kizuizi cha kawaida kabisa kuliko elimu: banki za Goma zilifunga milango M23 ilipoingia mujini mwezi wa kwanza 2025, na mufazili hatumi dola laki tano kwa simu. Kwa hiyo watafiti wa Kivu wanaofanya kazi na wageni wanabaki na nguvu moja, ile ya kujadili mukataba mbele ya kutia sahihi. Tangu mwezi wa kwanza 2023, NIH inalazimisha kila ombi la feza liwe na mupango ulioandikwa wa namna data itachungwa na kugawanywa. Katika karatasi hiyo ndimo inaweza kuandikwa kwamba nakala ya data inabaki Bukavu ao Bunia, kwamba mutaalamu wa hesabu wa huku analipwa mupaka mwisho, na kwamba matokeo yatarudishwa kwa wamama kwa Kiswahili.

Watoto wa HAPIN wa Kayonza, waliozaliwa kati ya 2018 na 2020, wamefika umri wa masomo.