Neno "Mine" la Kiingereza

Mwalimu wa Ibadakuli asomapo Hagai 2:8 katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ambapo Bwana anena habari za fedha na dhahabu, atalikuta neno "mine". Mwanafunzi wa nchi hii amekwisha kulisikia likitajwa kwa dhahabu ya Geita, na kwa Mwadui palipogunduliwa almasi mwaka 1940. Kwa hiyo aweza kudhani kwamba nabii asema habari za mgodi. Sivyo. Maana yake ni "mali yangu", na akikosa hapo amepoteza mstari wote, kwa kuwa habari yake ni mwenye mali.

Haya ni maneno mawili, si moja. La kwanza ni la Kiingereza chenyewe, ndugu wa "mein" la Kijerumani. La pili lilitoka Ufaransa, na wajuzi wengi hudhani kwamba asili yake ni Wakelti wa kale. Yamekutana kwa sauti tu, kama kaa la moto na kaa wa pwani.

Maana ya tatu imezaliwa na ya pili. Askari walichimba chini ya kuta za ngome ili zianguke. Baadaye wakatia baruti shimoni, hata bomu lililofichwa ardhini likaitwa kwa jina la shimo.

Likiongozwa na "a" au "the", aghalabu ni mgodi au bomu. Lakini katika Zaburi ya 121 limetangulia neno la macho, maana Waingereza wa zamani walilitumia hivyo mbele ya irabu. Hapo ni "yangu" vilevile.