Mbolea ya Maua ya Chunguni

Wasomaji wetu wa Kyela na wa mwambao wote wa kaskazini wa Ziwa Nyasa hawahitaji kufundishwa kulima. Tangu zamani Wanyakyusa wamejua kutia samadi katika migomba yao, na mchele wa Kyela wasifiwa mbali kwa harufu yake nzuri. Lakini liko shamba moja dogo sana ambalo hata wakulima hodari hushindwa nalo, nalo ni chungu cha maua kilichowekwa barazani. Juu ya shamba hilo twataka kusema leo. Mambo yake ni machache, na mtu akiyafahamu yatamfaa hata katika mpunga wake.

Kwanza tutaeleza jambo tulilolishuhudia wenyewe. Mwalimu mmoja, ambaye jina lake hatulitaji, alikuwa na mwaridi chunguni. Siku alipohamishwa kwenda kufundisha mbali, mama yake alimkatia kijiti cha mwaridi uliokuwa mlangoni pao, naye akakipanda kikashika. Baadaye mwaridi ule wa nyumbani ulikufa, basi wa mbegu ile haukubaki mwingine ila huu wa chunguni. Mwalimu akauweka chini ya upenu, ndani kabisa, ili mbuzi wasiufikie. Miezi mitatu ikapita bila ua hata moja. Mwalimu akadhani una njaa, akatia konzi mbili za samadi mbichi. Baada ya juma moja akaongeza konzi ya mbolea ya dukani. Kingo za majani zikaanza kukauka kana kwamba zimepitiwa na moto, naye akazidi kumwaga maji asubuhi na jioni.

Mama yake alipokuja kumtazama, aliuona mwaridi akauliza, "Mwanangu, umeulisha nini?" Akajibu, "Mama, nimeulisha kila nilichokuwa nacho." Yule mama akasema, "Ndiyo sababu unakufa."

Neno lile lilikuwa kweli, na sasa tutaeleza kwa nini.

Watu wengi husema kwamba mbolea ni chakula cha mmea. Kwa hakika mmea hujipikia chakula chake wenyewe ndani ya majani, kwa nguvu ya nuru ya jua, kwa maji yatokayo mizizini na hewa iingiayo majanini. Mbolea ni mfano wa chumvi katika mboga. Bila chumvi mboga haipendezi, lakini hapana mtu awezaye kushiba chumvi, na ikizidi sufuria nzima huharibika. Tena mbolea, ikiisha kuyeyuka udongoni, ni chumvi za namna yake. Kila mvuvi ajua kwamba samaki akipakwa chumvi hutoka maji. Kadhalika mizizi: maji ya udongo yakijaa chumvi za mbolea, mizizi haiwezi kuyanywa, na hata maji yaliyomo ndani yake yaweza kuvutwa nje. Ndipo mmea hunyauka na hali udongo wake umelowa, na mwenyewe, kwa kutojua, huzidi kuumwagia maji mpaka mizizi ikaoza.

Katika shamba hatari hii ni ndogo zaidi, kwa kuwa mizizi yaweza kukimbilia mahali pengine, na mvua za nchi hii, zilizo kubwa hasa kati ya Machi na Mei, huosha udongo. Lakini chunguni mizizi haina pa kukimbilia, na chini ya upenu mvua haifiki. Kila utiacho hukaa hapo hapo.

Sasa tuseme juu ya vitu ambavyo mbolea humpa mmea. Vilivyo vikubwa ni vitatu. Naitrojeni hukuza majani na mashina. Fosforasi husaidia mizizi na maua. Potasiamu huupa mmea nguvu ya kustahimili ukame na magonjwa. Samadi ina vyote vitatu kwa kiasi kidogo kidogo. Majivu yana potasiamu na chokaa, lakini hayana naitrojeni. Yurea ya dukani ni naitrojeni tu, sehemu 46 katika kila mia. Basi mtu atiaye yurea katika maua asistaajabu akiona majani mengi ya kijani kibichi wala asione ua.

Mwaka 1828 mtaalamu wa Kijerumani, Carl Sprengel, alieleza kanuni moja kubwa, na Justus von Liebig akaieneza tangu mwaka 1840. Kanuni hiyo ni kwamba mmea hukua kwa kadiri ya kile kilichopungua kuliko vyote. Watu huifananisha na pipa lenye mbao zisizolingana urefu: hata ukimimina maji mengi namna gani, hayatapita kimo cha ubao ulio mfupi. Mwaridi wa mwalimu haukupungukiwa na mbolea, ulipungukiwa na jua. Mwaridi hutaka jua la saa sita au zaidi kila siku, nao uliwekwa gizani. Samadi yote ya Kyela isingeweza kuziba upungufu ule.

Tena mimea haifanani. Katika nchi yetu hii liko ua dogo la rangi ya urujuani ambalo sasa limo madirishani katika nchi nyingi za dunia. Asili yake ni milima ya Usambara na sehemu zilizo karibu nayo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, alilipeleka kwa baba yake Ulaya. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen huko Hannover, alilipa jina la kitaalamu la Saintpaulia. Wajerumani huliita urujuani wa Usambara mpaka leo. Kwao ua hili huota kivulini, juu ya miamba yenye kuvu na majani machache yaliyooza, wala halina zaidi ya hayo. Mwenye kulitia samadi kama atiavyo mgomba hulitendea kama mtu ampaye mtoto mchanga chakula cha mlimaji. Basi kabla ya kutia mbolea, uliza kwanza: mmea huu kwao ni wapi, nao huko hula nini?

Sasa haya ndiyo mambo ya kufanya.

Chungu. Vyungu vya Wakisi, wafinyanzwavyo na kina mama wa Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi mpaka Matema, vyafaa sana, maana udongo wake hupitisha hewa. Lakini chungu cha kupikia hakina tundu. Afadhali mwombe mfinyanzi akitoboe kitako kabla ya kukichoma. Chungu kisicho na tundu ni kisima, nacho kitauzamisha mmea.

Udongo. Changanya sehemu mbili za udongo mzuri wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza, na sehemu moja ya mchanga wa mto au makapi ya mpunga yaliyooza. Samadi iliyooza haina harufu kali, haina joto, na huvunjika mkononi kama udongo. Kwa ua la Usambara punguza samadi iwe nusu ya kiasi hicho, na badala yake tia majani yaliyooza. Usilitie majivu, kwani hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Wala usichanganye majivu na samadi mbichi au yurea, maana naitrojeni itapotea hewani.

Mbolea ya maji. Loweka kopo moja la samadi iliyooza katika ndoo ya maji kwa majuma mawili, kisha zimua kwa maji safi mpaka rangi yake iwe kama chai hafifu. Kikombe kimoja kwa chungu, mara moja kila majuma matatu au manne, chatosha. Ukitumia mbolea ya dukani yenye vitu vyote vitatu, kijiko kimoja cha chai katika lita 4 za maji chatosha kwa mwaridi, na robo ya kijiko kwa ua la Usambara. Kamwe usitie mbolea katika udongo mkavu. Nywesha maji matupu kwanza, ndipo utie mbolea.

Wakati. Lisha mmea unapochipua na kukua. Mmea mgonjwa, au uliopandwa leo, au uliopumzika, usiulishe. Mgonjwa hapewi karamu.

Dalili. Majani ya chini yakigeuka manjano na mmea kudumaa, huenda naitrojeni imepungua. Ncha za majani zikiungua, na unga mweupe ukionekana juu ya udongo au ubavuni mwa chungu, mbolea imezidi. Majani yakiwa mengi na mabivu wala hakuna ua, angalia jua kwanza, kisha naitrojeni.

Dawa. Mbolea ikizidi, ondoa ukoko mweupe wa juu, kisha mimina maji safi polepole yapite tunduni, kiasi cha mara tatu ya ujazo wa chungu. Acha yatiririke yaishe. Miezi miwili usitie mbolea yo yote, na usinyweshe tena mpaka udongo wa juu uwe mkavu ukiugusa kwa kidole.

Ndivyo alivyofanya mama wa mwalimu. Aliuosha udongo, akakata matawi yaliyokufa, akausogeza mwaridi kwenye jua la asubuhi na kuuzungushia miiba kwa sababu ya mbuzi. Kisha akakata vijiti vitatu vilivyo hai, akavipanda katika vyungu vingine, akimwambia mwanawe, "Kitu kilicho kimoja si akiba." Vijiti viwili vilikauka, kimoja kikashika. Na mwaridi wenyewe, baada ya kukaa kitambo kana kwamba umekufa, ulichipua, na mwishowe ukatoa ua moja. Mwalimu sasa anayo miwaridi miwili, naye huwaonyesha wanafunzi wake jani moja lililoungua alilolihifadhi ndani ya kitabu.

Twaandika haya kwa sababu kosa lile lile hutendeka mashambani, na huko hasara yake ni kubwa zaidi. Mkulima anunuaye yurea kwa fedha ya kukopa na kuimwaga bila kipimo huona mpunga wake ukirefuka na kupendeza macho, kisha upepo mmoja na mvua moja huulaza wote matopeni kabla ya mavuno. Na mbolea isiyonywewa na mizizi huchukuliwa na maji mpaka katika Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na kwa njia hiyo huingia ziwani, ambako hailishi mpunga wa mtu ye yote, bali huharibu maji tunayoyanywa na tunayovua samaki ndani yake.

Kwa hiyo twawashauri walimu kila shule iwe na vyungu vitatu vya maua ya namna moja, vyenye udongo ule ule na jua lile lile. Cha kwanza kisitiwe mbolea, cha pili kitiwe kwa kipimo, na cha tatu kitiwe maradufu ya kipimo mara kwa mara. Watoto waandike kila juma wanayoyaona. Somo hilo gharama yake ni ndogo, na mtoto aliyeliona kwa macho yake hatalisahau siku atakaposimama mwenyewe pembeni mwa jaruba la mpunga akiwa na mfuko wa mbolea.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Katika kulisha maua, haba na haba ndiyo njia, na kibaba kikijaa, mkono na uzuiwe.