Je, Tununue Pikipiki ya Njia za Porini?

Swali hili limetukalisha chini ya mwembe Jumapili tatu hapa Makere. Sisi ni kikundi cha warina asali, watu kumi na mmoja, wanaume kwa wanawake. Wengi wetu tulijifunza kusoma na kuandika tukiwa watu wazima. Tumeweka akiba kwa misimu miwili. Fedha hizo zinatosha pikipiki moja, hazitoshi mbili. Tukinunua isiyofaa, jasho la misimu miwili limepotea. Kwa hiyo tumeona tuandike yale tuliyojifunza, maana tunajua vijiji vingine vya Kasulu na Kibondo vina swali hili hili.

Kwanza tueleze njia zetu. Barabara tunayo, ile kubwa itokayo Kasulu kwenda Kibondo. Lakini mizinga haiko barabarani. Wazee wanakumbuka Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, watu walipotolewa kwenye makazi yao ya kutawanyika na kuhamishiwa vijijini, mara nyingi kando ya barabara. Nyumba zilisogea, lakini mashamba na misitu haikusogea. Mpaka leo mtu anaamka alfajiri, anatembea saa mbili au tatu ndipo afike kwenye kazi yake. Mizinga yetu iko kilomita 12 kutoka kijijini. Njia ni ya miguu. Ina udongo mwekundu, mizizi ya miti, mawe, na vijito viwili ambavyo daraja lake ni magogo tu. Kiangazi ni vumbi. Mvua zikianza, udongo ule unateleza kama sabuni.

Na mzigo je? Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina kilo 28 hivi, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji. Ndoo mbili ni kilo 56. Leo tunazisukuma kwa baiskeli. Mwenzetu mmoja aliteleza kwenye magogo, ndoo zote mbili zikaenda mtoni. Hapo ndipo mazungumzo ya pikipiki yalipoanza.

Sasa tuzitazame pikipiki zenyewe. Ziko za aina tatu. Ya kwanza ni hizi za bodaboda, Boxer na TVS kutoka India, na nyingine za Kichina. Ya pili ni ya mashindano ya porini. Hiyo haina taa, haina indiketa wala kioo, na barabarani haitakiwi kabisa. Ya tatu ndiyo iliyotugombanisha. Imetengenezwa kwa njia mbaya, lakini ina taa, honi, vioo na namba, kwa hiyo barabarani inaruhusiwa pia. Wengi mmeiona. Ni kama ile Honda XL au Yamaha DT waliyozoea kupanda mabwana shamba na mapadre. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilianza kuuza moja ya namna hiyo Marekani mwaka 1968, ikaitwa DT-1, na watu wakaipenda mno. Wengi kule waliinunua kwa kujifurahisha tu, kuzunguka milimani siku za mapumziko. Sisi hatukatai furaha, lakini furaha yetu ina ndoo mbili nyuma.

Vijana wa kikundi waliitaka hiyo ya tatu, na wana sababu. Itazame vizuri. Gurudumu lake la mbele ni kubwa, kwa kawaida inchi 21, wakati la bodaboda ni inchi 17 au 18. Gurudumu kubwa linapanda juu ya mzizi au jiwe kwa urahisi, dogo linagonga na kukwama. Shokapu zake ni ndefu, kwa hiyo shimo halikuvunji mgongo. Injini imeinuliwa mbali na ardhi, haigongi mawe. Bomba la moshi limepitishwa juu, ukivuka kijito maji hayaingii upesi. Tairi zina meno makubwa yanayoshika matope. Mtu mmoja, hana mzigo, njia mbaya: hapo hakuna bodaboda itakayoifikia. Hilo tulikubaliana wote.

Basi akasimama mama mmoja, mweka hazina wetu, akauliza, "Wanangu, hiyo pikipiki ndefu mimi nitaipanda vipi? Miguu yangu itafika chini?"

Watu walicheka, kumbe swali lilikuwa kubwa kuliko yote. Kile kinachoinua injini kinainua na kiti. Pikipiki hizi zina zaidi ya kilo 100. Ukisimama kwenye mteremko na mguu haufiki chini, unaanguka nayo. Ukiweka kilo 56 nyuma, juu vile, uzito wote unakuwa juu na pikipiki inayumba. Kiti chake ni chembamba na kifupi, keria yake mara nyingi ni ndogo au haipo. Ya bodaboda iko chini, kiti kirefu, keria ya chuma imara. Ilitengenezwa kwa kubeba.

Halafu kuna spea. Hapa tunaomba msomaji asome polepole, maana ndipo wengi wanapoumia. Pikipiki haimalizwi kununuliwa siku unapolipa. Cheni inachakaa, breki zinaisha, tyubu zinapasuka, klachi inaungua. Ukiwa na Boxer au TVS, spea zipo Kasulu, zipo Kibondo, na nyingine zipo hata kwenye kibanda cha senta. Kijana yeyote anayeshinda na bodaboda anajua kuifungua. Ukiwa na XL ya zamani, utaagiza Kigoma au Dar es Salaam na kusubiri. Tumeona mashine nzuri zimelala ukutani, kuku wanatagia chini yake, kwa kukosa kipande kidogo cha mpira.

Tena Yamaha nyingi za aina ya DT na AG za zamani zina injini inayotaka oili maalum pamoja na petroli. Zina tangi dogo la oili pembeni. Likikauka usijue, injini inakwama njiani, na kuitengeneza ni fedha nyingi.

Mzee wetu mmoja alisema pikipiki za namna hii hupatikana kwenye minada, miradi inapofungwa au ofisi inapouza vitu vyake vya zamani. Ni kweli, na wakati mwingine bei ni nafuu. Lakini zinauzwa kama zilivyo, hakuna kurudisha. Na ikiwa ina namba za mradi, yaani zile zinazoanza na DFP, huwezi kutembea nazo. Lazima isajiliwe upya kwa jina lako.

Hapa tuseme kidogo juu ya karatasi. Wapo wanaosema, "Mimi ni wa porini tu, namba za nini?" Ndugu, nyumba zetu ziko kando ya barabara kuu. Huwezi kwenda porini bila kuigusa. Unahitaji kadi ya pikipiki kutoka TRA, bima, na leseni yako ya udereva yenye daraja la pikipiki. Ukinunua kwa mtu, linganisha namba ya injini na namba ya chesisi na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Zisome mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, usisomewe. Kisha mwende kubadilisha jina, msiahirishe. Pikipiki ya bei ya chini isiyo na kadi ni ya bei kubwa, maana siku ikikamatwa umepoteza yote, na huenda ikawa ya wizi. Ukitaka kubeba abiria kwa malipo, hiyo ni biashara, ina kibali chake cha LATRA. Na kofia ngumu ni mbili, ya dereva na ya abiria. Mambo ya mishikaki, watu watatu juu ya pikipiki moja, sisi tumeyakataza kwenye kitabu cha kikundi.

Hesabu ya petroli tuliifanya hivi. Kwenda na kurudi ni kilomita 24. Mara mbili kwa wiki ni kilomita 48. Injini ndogo, njia mbaya, na mzigo, tukakadiria kilomita 30 kwa lita moja. Gawanya 48 kwa 30, unapata lita 1.6 kwa wiki. Wewe weka bei ya petroli ya kwenu. Usiweke ile ya kituo cha mjini kama unanunua ya chupa, maana ya chupa ni ghali zaidi. Ongeza oili ya injini, tyubu, na fedha za fundi. Mweka hazina alisema kila ndoo ya asali itoe fedha kidogo kwenye bahasha ya pikipiki kabla mtu hajagawiwa. Wengine walinuna, lakini ilipita.

Mambo mawili ya msitu yalitushtua, hatukuyafikiria mwanzoni. Nyuki hawapendi mtikisiko wala moshi wa injini. Ukifika na pikipiki mpaka kwenye mzinga, watakufukuza, na mtu anayekimbia nyuki juu ya pikipiki sijui nani atamwokota. Lazima iachwe mbali. La pili ni moto. Kiangazi, nyasi zikikauka, bomba la moshi lililochemka linaweza kuziwasha ukiegesha juu yake. Egesha penye udongo mtupu. Na kama mizinga yako iko ndani ya msitu wa hifadhi, waone kwanza watu wa Wakala wa Misitu, TFS, uulize unaruhusiwa kupita wapi.

Sasa tumeamuaje? Tulipiga kura. Saba walitaka ya kawaida, wanne walitaka ya porini. Kwa maoni yetu, mtu anayekwenda peke yake, mzigo mwepesi, mwenye miguu mirefu na fundi wa kuaminika, huyo achukue ya porini na atashukuru. Bwana nyuki anayezunguka vijiji vingi, hiyo ndiyo yake. Sisi wenye ndoo, na madereva wa vimo mbalimbali, tunachukua ya kawaida. Tairi ya nyuma tutaweka yenye meno. Fundi ametushauri tubadilishe na spoketi ya nyuma, tuweke kubwa kidogo. Mwendo utapungua barabarani, lakini nguvu ya kupanda mlima itaongezeka. Kwenye magogo ya kijito cha pili pikipiki haitavuka na mzigo. Itasubiri ng'ambo, na ndoo zitabebwa kwa mikono, moja moja, hata kama vijana wanaona aibu.

Jumamosi tunakwenda Kasulu watu wanne. Katibu atabeba daftari la kuandika namba za injini na chesisi. Fundi atakuja naye, tumemlipia nauli. Mama mweka hazina ndiye mwenye fedha, na tumekubaliana kwamba yeye atakaa kwenye kiti kwanza. Miguu yake isipofika chini, hatulipi.