GANDA LA WAYA WA UMEME NA HATARI YA MOTO

Mtu anunuapo waya wa umeme dukani, aghalabu hutazama mambo mawili tu, yaani bei yake na shaba iliyomo ndani. Lile ganda la plastiki lililoifunika shaba hulidhani kuwa kama karatasi ya kufungia sukari, kitu kisicho na kazi ila kufunika. Kumbe ganda hilo ndilo linalotenga nguvu za umeme na mkono wa mtoto. Tena, hitilafu itokeapo ukutani, mara nyingi ganda ndilo liamualo kama itakoma pale pale au itakuwa moto wa kuteketeza nyumba.

Jambo hili lawahusu watu wote watumiao stima, lakini lawahusu zaidi wale wakaao mahali penye nyumba zilizosongamana, kama Kibera na Kawangware katika mji wa Nairobi. Katika vijiji vya Kibera, kama vile Gatwekera, Laini Saba na Lindi, nyumba nyingi ni za mabati au za miti na udongo, nazo zimeegemeana hata ukuta mmoja hutumiwa na jamaa mbili. Njia zilizo baina ya nyumba hizo ni nyembamba, na mahali pengi gari la zimamoto haliwezi kupita. Huko Kawangware ziko nyumba za mabati kama hizo, na kando yake yameinuka majengo ya mawe ya ghorofa nyingi, ambamo vyumba vingi hutegemea ngazi moja. Mahali pa namna hii, moto uanzao katika chumba kimoja si wa mwenye chumba peke yake.

Joto Hutoka Wapi

Umeme upitapo ndani ya waya huutia joto. Waya mnene hupitisha umeme mwingi na joto lake huwa dogo. Waya mwembamba ukipewa umeme ule ule hupata joto upesi. Tena joto haliongezeki sawasawa na umeme. Umeme ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Umeme ukizidi mara tatu, joto huzidi mara tisa.

Mfano ni huu. Umeme wa nyumbani katika Kenya ni wa volti 240. Birika la umeme la wati 2,000 huvuta ampea 8 na zaidi kidogo. Waya mwembamba wa taa ya mezani, ambao shaba yake ina upana wa nusu milimita ya mraba, umefanyizwa kubeba ampea 3 tu. Mtu akiunga birika hilo kwa waya huo, waya utabeba karibu mara tatu ya mzigo wake, na joto lake litakuwa zaidi ya mara saba ya lile uliloandaliwa kulistahimili.

Ganda la nyaya zilizo nyingi madukani ni la plastiki iitwayo PVC. Ganda hilo la kawaida hustahimili shaba yenye joto la nyuzi 70 za Sentigredi. Joto likizidi hapo, plastiki hulainika. Na likiendelea kwa muda mrefu, hukauka na kupasuka. Nyuzi mbili za shaba zikigusana, cheche huruka. Katika chumba ambacho kuta zake zimebandikwa katoni na kufunikwa mapazia, cheche haikosi kitu cha kuwasha, na mwenye nyumba huenda asiuone moto mpaka umekwisha kushika dari.

Kwa miaka mingi watu wengi wa Kibera walipata umeme kwa njia isiyo ya halali, ambayo wenyeji huiita "sambaza". Mtu mmoja huvuta waya kutoka mstari mkuu, akawagawia jirani zake, nao wakamlipa kila mwezi. Katika miaka ya 2010 kampuni ya Kenya Power, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kutia mita katika nyumba za mitaa hiyo kwa ada nafuu, lakini sambaza haijakwisha. Ubaya wake si wizi tu. Waya uliotosha taa moja hupewa nyumba nyingi. Viungo vyake hufungwa kwa vipande vya nailoni. Wala hapana fyuzi ya kuukata umeme mzigo unapozidi. Hapo ganda la waya ndilo kinga pekee iliyobaki, nalo ndilo linalochomwa kila siku.

Moshi Unaotangulia Moto

Mtu aliyepata kuona waya ukichomwa ili shaba itolewe na kuuzwa aujua moshi wake. Ni mweusi na mzito, nao huwasha macho na koo. Sababu ni kwamba PVC ina klorini ndani yake, na kabla haijachanganywa na vitu vingine, klorini hiyo ni zaidi ya nusu ya uzito wake. Klorini ina faida, maana huifanya plastiki isishike moto kwa wepesi. Lakini moto wa vitu vingine ukiifikia, hutoka hewa ambayo ikikutana na unyevu wa macho na wa koo hugeuka kuwa asidi. Mtu hufumba macho, hukohoa, naye asiuone mlango hata ukiwa karibu naye. Wengi wafao katika moto wa nyumba huuawa na moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia.

Mwaka 1975 mambo mawili yalitokea Marekani yakawashtua wahandisi wa nchi nyingi. Tarehe 27 Februari jengo la simu katika mji wa New York liliwaka, na maganda ya PVC yalipoungua yalitoa moshi uliowadhuru wazima moto wengi. Tarehe 22 Machi, katika kituo cha umeme cha Browns Ferry, jimbo la Alabama, fundi alitumia mshumaa kutafuta tundu lipitishalo hewa. Mshumaa ukawasha sifongo iliyozibia tundu hilo, moto ukafuata nyaya, na nyaya zaidi ya 1,600 zikaharibika. Moto wa mshumaa mmoja ulitosha, kwa kuwa maganda yenyewe yaliugeuza waya kuwa njia ya moto.

Maganda Yaliyo Salama Zaidi

Tangu miaka hiyo yametengenezwa maganda ya namna mbalimbali. Namna ya kwanza ni ganda lisiloeneza moto. Likiondolewa katika moto hujizimia, wala haliupeleki moto mbele.

Namna ya pili ni ganda la plastiki isiyo na klorini. Plastiki hiyo huchanganywa na unga mweupe wa alumini haidroksaidi, na mara nyingi unga ndio ulio zaidi ya nusu ya uzito wa ganda. Joto likifika karibu nyuzi 200, unga huo huvunjika na kutoa mvuke wa maji, kadiri ya theluthi moja ya uzito wake. Mvuke hupoza ganda na kuipunguza nguvu hewa iwakayo, na majivu yanayobaki huwa gamba la kuikinga shaba. Ni kana kwamba maji ya kuzimia moto yamefichwa ndani ya ganda lenyewe. Ili kuujua moshi wake, waya huchomwa ndani ya chumba kilichofungwa chenye mita 3 kila upande, na mwanga wa taa hupimwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Kwa desturi waya mwema huacha asilimia 60 au zaidi ya mwanga huo upite.

Namna ya tatu ni waya udumuo kufanya kazi ndani ya moto. Shaba yake huzungushiwa utepe wa mika, ambayo ni jiwe lisiloungua, au hutiwa ndani ya mfereji wa shaba uliojazwa unga wa magnesia. Nyaya hizi hujaribiwa katika moto wa nyuzi 750 au zaidi, nazo hutumiwa kwa kengele za hatari, taa za ngazini na pampu za maji.

Nyaya hizi ni ghali kuliko zile za kawaida, na si lazima mpangaji wa chumba kimoja cha mabati azitafute. Mahali pake ni pale ambapo watu wengi hutoka kwa mlango mmoja, yaani zahanati, shule, kumbi na majengo ya ghorofa kama yale ya Kawangware. Mwenye jengo la namna hiyo akiepuka gharama hizo, atakayelipa ni mpangaji aliye ngazini katika moshi. Lakini yafaa ijulikane pia kwamba hata ganda lililo bora kabisa haliwezi kuuokoa waya uliobebeshwa mzigo usio wake.

Mambo ya Kufuata

1. Kazi ya kutia umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA.

2. Waya ununuliwe wenye alama ya ubora ya KEBS, na maandishi ya ganda yasomwe. Waya usio na jina la mtengenezaji wala kipimo usinunuliwe, hata ukiwa rahisi.

3. Kwa desturi waya wa taa ni wa milimita za mraba 1.5, na wa soketi ni 2.5. Jiko kubwa lahitaji waya mnene zaidi, nalo liwe na waya wake peke yake.

4. Waya upitishwe ndani ya bomba, usipigiliwe misumari wala kufichwa chini ya mkeka. Upitapo katika tundu la bati, tundu litiwe mpira, maana makali ya bati hukata ganda na ukuta mzima ukaingia umeme.

5. Fyuzi ikikatika, isibadilishwe kwa msumari wala kipande cha waya. Imekatika kwa sababu, na sababu hiyo itafutwe.

6. Soketi ikigeuka rangi, waya ukiwa moto, au harufu ya plastiki inayoungua ikisikika, swichi kuu izimwe mara moja na fundi aitwe. Moto wa umeme usimwagiwe maji. Utiwe mchanga mkavu. Moshi ukijaa chumbani, watu watoke wakitambaa, kwa kuwa hewa njema iko chini.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Kukagua nyaya za chumba kimoja ni kazi ya nusu saa. Na mahali ambapo nyumba mbili zina ukuta mmoja, mtu akaguaye nyaya zake amemlinda jirani yake pia.