Fahamu: Ukiombwa kusasisha Flash, kataa

Katika saiba za River Road, Kangemi na Kawangware, Nairobi, bado zipo kompyuta kuukuu za kuchapisha stakabadhi na kujaza fomu za serikali. Ukiketi mbele ya mojawapo, kisha kikachomoza kisanduku kinachokuhimiza usasishe Flash Player, huo ni ulaghai. Toleo jipya halipo. Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikayazuia maudhui yake yasifunguke.

Flash ilikuwa programu-jalizi: kivinjari hakikuweza kucheza video chenyewe, nayo ikakisaidia. Lakini mianya yake ya kiusalama haikuisha, na wadukuzi waliifaidi mno. Leo teknolojia ya HTML5 hufanya kazi hiyo bila nyongeza yoyote. YouTube ilihamia huko mwaka 2015. Silverlight, programu-jalizi kama hiyo ya Microsoft, nayo iliacha kuhudumiwa Oktoba 2021.

Ukiikuta Flash kwenye mashine yako, iondoe, kisha usasishe kivinjari. Kama bado unatumia Windows 7, Chrome mpya huipati tangu 2023. Visa vya ulaghai wa mtandaoni viripoti kwa KE-CIRT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, Waiyaki Way. Na mashine ya saiba ikionyesha kisanduku hicho, usiingie iTax wala eCitizen, omba nyingine.