Karo Bila Mamlaka Haitoshi

Mwaka 1876 yalitokea Kanada mambo mawili yanayofaa kusomwa pamoja. Kwa jina la Malkia Victoria ulitiwa saini Mkataba Namba 6 na Wakrii na majirani zao wa nyanda za magharibi. Waliachia ardhi, nao wakaahidiwa, pamoja na mengine, shule. Mwaka huohuo Bunge la Ottawa lilipitisha sheria kwamba mzawa akipata shahada ya chuo kikuu anavuliwa hadhi yake ya uzawa. Kusoma kukawa ni kuwakana wenzako. Kisha zikaja shule za bweni, walikopitishwa watoto wapatao 150,000, wakiadhibiwa kwa kusema lugha zao.

Kwa historia hiyo, si ajabu kwamba wazawa hawaombi karo tu. Wanadai kuamua wenyewe nini kifundishwe na nani afundishe. Nami naona wana haki. Msaada ulio mikononi mwa mwingine hubanwa apendapo: mwaka 1996 serikali iliwekea bajeti zao, likiwemo fungu la wanafunzi wa vyuo, ukomo wa nyongeza ya asilimia 2 kwa mwaka, ilhali vijana wao walikuwa wakiongezeka kwa kasi. Wenye sifa wakabaki nyumbani wakingoja zamu. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni, ilipotoa miito yake 94 mwaka 2015, mwito wa 11 ulidai foleni hiyo imalizwe. Tazama sasa mamlaka yanavyofanya kazi. Huko Blue Quills, Alberta, Julai 1970 wazazi na wazee waliikalia shule ya bweni kwa zaidi ya wiki mbili, hadi serikali ikakubali kuwakabidhi. Leo ni chuo kikuu chao, na Kikrii kinafundishwa palepale kilipopigwa marufuku.

Wapo wasemao vyuo vya aina hii ni kujitenga. Sivyo. Chuo Kikuu cha Mataifa ya Kwanza cha Kanada, kilichoanza Saskatchewan mwaka 1976, kinapokea watu wa asili zote, na shahada zake hutolewa na Chuo Kikuu cha Regina. Hoja ya uongozi mbovu ni nzito zaidi: mwaka 2010 serikali zilitangaza kukikatia fedha chuo hichohicho kwa sababu hiyo. Lakini bodi iliundwa upya, na chuo kingali hai. Chuo cha umma kikifuja fedha, huwajibishwa viongozi wake. Wananchi hawanyang'anywi haki ya kuwa na chuo. Ottawa itumie kipimo hichohicho kwa wazawa: iwape vyuo vyao fedha za uhakika, ikague hesabu, na mitaala iwaachie wenyewe.