Soketi ikipata joto, usisubiri meni swichi ijizime

Dodoma ikifika Juni na Julai, maji ya kuoga asubuhi hayagusiki. Kwenye vyumba vingi vya kupanga, iwe Chang'ombe au Nzuguni, soketi moja inabeba hita ya maji, birika na pasi, vyote kabla ya saa 1. Jioni inarudi kazini kwa jiko la umeme.

Siku moja plagi inachomolewa ukutani ikiwa ya moto. Mwenye chumba anaipuliza, anairudisha, maisha yanaendelea. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Joto linatoka wapi?

Ndani ya soketi kuna vipande vya chuma vinavyobana pini za plagi kama koleo. Kuchomeka na kuchomoa kwa miaka kunavilegeza. Pini isipobanwa vizuri, umeme unapita kwenye sehemu ndogo tu inayogusana, na sehemu hiyo inachemka. Joto linavilegeza zaidi, na kadiri vinavyolegea ndivyo joto linavyopanda. Skrubu inayoshika waya kwa nyuma ikilegea, matokeo ni yaleyale.

Wengi wanaamini meni swichi itawaokoa. Haitaona kitu. Breka inakata pale umeme unapozidi kiwango au ikitokea shoti. Soketi iliyolegea inaweza kuyeyuka huku umeme unaopita ni wa kawaida kabisa. Mlinzi wako wa kwanza ni mkono, macho na pua.

Dalili za kubadilisha soketi

- Plagi inacheza. Inaning'inia, inachomoka yenyewe, au mpaka uikunje waya ndipo chaja ishike.
- Joto. Baada ya kutumia pasi au hita, zima swichi, kisha gusa kava la soketi kwa mgongo wa mkono mkavu. Uvuguvugu kidogo ni kawaida kwa kifaa kikubwa. Ukilazimika kuondoa mkono, soketi imekwisha.
- Rangi na harufu. Kava limegeuka njano au kahawia, matundu yana weusi, au kuna harufu ya plastiki inayoungua.
- Mlio na cheche. Soketi nzima haitoi mlio wa kukwaruza wala kuzizima.
- Nyufa. Kava limepasuka, au soketi inatoka ukutani kila ukichomoa plagi.
- Inakupiga. Hata kama ni kidogo tu. Hii haisubiri kesho.

Kuna dalili nyingine inayotengenezwa na watu wenyewe: kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu lile ni la waya wa ethi, na pini yake ndefu ndiyo inayofungua vizuizi vya matundu mawili ya chini. Ukizoea kulazimisha, vizuizi vinaharibika na kuacha njia wazi kwa msumari wa mtoto. Tumia adapta.

Usizidishe mzigo

Soketi zetu ni za ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, hiyo ni karibu wati 3,000. Hita ya wati 2,000 na birika la wati 2,000 kwenye ekstensheni moja tayari zimepita. Vipokezane.

Ufanye nini?

Acha kuitumia soketi hiyo. Usiifungue mwenyewe. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, na hakikisha anazima meni swichi kabla ya kugusa kitu. Akikuta waya umeungua, akate sehemu hiyo mpaka afike kwenye waya mzima. Plagi iliyoyeyuka nayo ibadilishwe, la sivyo itaiharibu soketi mpya. Dukani, tafuta soketi yenye alama ya TBS.

Nani analipa?

Kazi ya TANESCO inaishia kwenye mita. Nyaya za ndani ni za mwenye nyumba. Kama umepanga, piga picha ya soketi iliyoungua, mtumie kwa WhatsApp na mweleze imeanza lini. Ujumbe unabaki, maneno ya mlangoni yanasahaulika. Akichelewa, chumba kinaweza kuishi bila soketi moja kwa wiki. Bei ya soketi ni ndogo kuliko godoro, achilia mbali nyumba.

Moto ukiwaka kwenye soketi, usimwage maji. Zima meni swichi kama unaifikia bila hatari, toa watu nje, kisha piga 114, namba ya dharura ya Zimamoto na Uokoaji.

Leo ukimaliza kupiga pasi, zima, kisha gusa ukuta.